M-10000: Treni Iliyotangulia kwa Umbo, Ikakwama kwa Mafuta

Tarehe 12 Februari 1934 kampuni ya reli ya Union Pacific ilipokea kutoka kwa watengenezaji wa Pullman treni ya mabehewa 3 ambayo haikufanana na chombo chochote kilichokuwa kikipita juu ya reli za Marekani siku hizo. Mwili wake ulikuwa wa alumini, pua yake ya mviringo, mkia wake umesinyaa kuelekea nyuma, na rangi yake ya manjano na kahawia iliweza kuonekana kutoka mbali kwenye nyika za Nebraska na Kansas. Iliitwa M-10000. Ilikuwa treni ya kwanza ya abiria nchini humo iliyobuniwa nzima, tangu pua hadi mkia, kwa lengo la kupunguza ukinzani wa hewa, na injini iliyoisukuma ilichoma distileti, mafuta mazito kuliko petroli na mepesi kuliko dizeli.

Yalipita majuma 8 tu kabla ya kampuni pinzani ya Chicago, Burlington & Quincy kukamilisha treni yake iliyoitwa Zephyr, yenye mabehewa 3 vilevile na injini ya nguvu za farasi 600 vilevile, ila hiyo ilitumia dizeli. Zephyr ndiyo iliyopata jina katika historia, na hadi leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda mjini Chicago. M-10000 ilikatwakatwa mwaka 1942, alumini yake ikapelekwa katika uundaji wa ndege za kivita.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kana kwamba Union Pacific ilikosea kuchagua mafuta na Burlington ikapatia. Maelezo hayo naona hayatoshi. Uamuzi wa kutumia distileti ulikuwa na mantiki yake kwa mtu aliyeketi mezani mwaka 1933 akiwa na taarifa za mwaka 1933. Kilichoiumiza M-10000 zaidi ni kwamba umbo na mafuta vilifungwa katika mwili mmoja usioweza kutenganishwa, kiasi kwamba kosa lolote katika kimoja lilikuwa lazima libebwe na kingine mpaka mwisho.

Hali iliyolazimisha jambo jipya

Mwaka 1920 reli za Marekani zilibeba abiria zaidi ya bilioni 1.2. Kufikia mwaka 1933 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya milioni 450. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, lakini wenye reli walifahamu kwamba uchumi ungepona na abiria wengi wasirudi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kununua magari au kuzoea mabasi. Treni ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na kichwa cha mvuke kinachotumia makaa au mafuta mazito, kinachosimama mara kwa mara kuchukua maji, kikivuta mabehewa ya chuma ambayo kila moja lilikaribia tani 70 au kupita. Kuendesha treni ya namna hiyo ikiwa na abiria 30 ndani yake ilikuwa ni kuteketeza fedha.

Mwenyekiti wa bodi ya Union Pacific alikuwa W. Averell Harriman, na kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kujaribu njia nyingine kabla yake. Tangu mwaka 1905, baba yake E. H. Harriman akiwa bado anaiongoza, mhandisi William McKeen alijenga mjini Omaha mabehewa yenye injini ya petroli, yenye pua kali kama kabari na madirisha ya duara mfano wa meli. Kwa hiyo wazo la kupasua upepo na kuachana na mvuke halikuwa geni kwa kampuni hii. Mabehewa ya McKeen yalifanya kazi katika njia ndogo ndogo, lakini yaliwachosha mafundi, kwa sababu nguvu ya injini ilifikishwa kwenye magurudumu kwa klachi na gia, na vifaa hivyo havikuhimili uzito wa behewa la reli. Mtu anayeitazama M-10000 bila kuyakumbuka mabehewa ya McKeen anaweza kudhani ilizuka ghafla, ilhali ni kizazi cha pili cha fikra ileile, kikiwa sasa na jenereta na mota za umeme mahali pa klachi na gia.

Ulaya nako mambo yalikuwa yamesonga. Mwezi Mei 1933 shirika la reli la Ujerumani lilianza safari za Fliegender Hamburger, treni ya mabehewa 2 yenye injini mbili za dizeli za Maybach, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 410, ambayo ilikwenda kati ya Berlin na Hamburg kwa dakika 138. Huo ni wastani wa takriban kilomita 124 kwa saa katika safari ya kila siku yenye abiria wanaolipa nauli. Miaka miwili kabla yake, mwezi Juni 1931, Franz Kruckenberg alikuwa amefikisha kilomita 230 kwa saa kwa chombo chake kilichosukumwa na pangaboi na injini ya ndege iliyotumia petroli. Wahandisi wa Union Pacific walikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wepesi, umbo laini na injini ya mwako wa ndani vinaweza kwenda pamoja. Kilichobaki ni kuamua ni injini gani, itumie mafuta gani.

Umbo, na hesabu iliyokuwa nyuma yake

Ukinzani wa hewa haukui sambamba na mwendo. Treni ikiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya hewa inayoirudisha nyuma huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda ukinzani huo huongezeka mara nane. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 50 kwa saa haina sababu kubwa ya kujali pua yake ina sura gani. Treni inayotarajiwa kufikia kilomita 170 kwa saa kwa injini ya nguvu za farasi 600, tena ikiwa sehemu ya nguvu hizo inaliwa na jenereta, taa, breki na viyoyozi, haina budi kujali kila sentimita ya ngozi yake.

Kwa sababu hiyo mifano midogo ya treni iliwekwa katika handaki la upepo la Chuo Kikuu cha Michigan na kupimwa. Majibu yake yanaonekana katika sura ya M-10000. Mbele ilikuwa butu na ya mviringo. Mkia ndio uliosinyaa taratibu. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba sehemu ya kuchongwa ni ya mbele, kama ilivyo kwa treni za mchongoko zinazokwenda Dodoma, na kwa mwendo wa treni za leo pua ndefu ina sababu zake. Kwa mwendo wa mwaka 1934, hasara kubwa ilitokea nyuma, pale hewa iliyopasuliwa inaposhindwa kuungana tena kwa utulivu na kuacha eneo la msukosuko linalovuta treni kurudi nyuma. Tumbo la treni nalo lilifunikwa, mapengo kati ya mabehewa yakazibwa, vishikio na ngazi vikaingizwa ndani, na madirisha hayakufunguka kabisa, kwa kuwa dirisha lililo wazi huharibu mkondo wa hewa ubavuni. Madirisha yasiyofunguka yakalazimisha kiyoyozi. Kiyoyozi kikahitaji umeme. Umeme ukatoka katika injini ileile. Hivyo umbo lilikuwa tayari linaamua matumizi ya mafuta kabla hata mafuta yenyewe hayajachaguliwa.

Wepesi ulipatikana kwa njia mbili. Kwanza ni aloi ya alumini ya aina ya duralumini iliyounganishwa kwa ribiti, pamoja na kupunguza kimo cha treni hata paa lake likawa chini ya paa la behewa la kawaida kwa zaidi ya nusu mita. Pili, na hili ni la msingi katika kisa hiki, mabehewa yalishiriki bogi, yaani fremu zenye magurudumu ambazo behewa hukaa juu yake. Badala ya kila behewa kuwa na bogi zake 2, mwisho wa behewa moja na mwanzo wa linalofuata vilikaa juu ya bogi moja, na treni nzima ya mabehewa 3 ikasimama juu ya bogi 4 tu. Kila bogi iliyoondolewa ni tani kadhaa za chuma zisizovutwa tena.

Matokeo yake yalikuwa treni ya urefu wa mita 62 hivi na uzito wa takriban tani 77, yenye nafasi za abiria 116. Uzito huo wa treni nzima ulikaribiana na ule wa behewa moja tu la kulala la Pullman la wakati huo. Ukigawa, kila abiria alibebewa kiasi cha kilo 660 za treni, zikiwemo injini, mafuta, chumba cha posta, mizigo na jiko dogo lililokuwa mkiani, ambako chakula kilitayarishwa na kupelekwa kwa abiria vitini mwao. Zephyr, kwa kulinganisha, ilikuwa nzito zaidi na ilikuwa na nafasi za abiria 72, hivyo kila abiria wake alibebewa zaidi ya tani moja. Kwa kipimo hiki cha uzito kwa abiria, ambacho ndicho kipimo cha kweli cha uchumi wa treni nyepesi, M-10000 ilikuwa bora, na ni jambo la kusikitisha kwamba husemwa kwa nadra.

Mafuta yaliyokuwapo mezani

Mvuke haukufaa treni hii. Boila, maji na makaa vingeleta uzito uleule uliokuwa ukikimbiwa. Petroli ilifaa kwa nguvu, lakini ilikuwa ghali, na kuhifadhi mamia ya lita zake ndani ya mwili uleule unaobeba abiria, jirani na injini ya moto na vifaa vya umeme vinavyotoa cheche, lilikuwa jambo la kutia hofu. Kampuni ya Budd ya Philadelphia, ambayo baadaye ingejenga Zephyr, ilikuwa imetoka tu kujaribu mabehewa ya chuma cha pua yenye matairi ya mpira ya Michelin na injini za petroli, na hayakufanikiwa katika kazi ya kila siku.

Distileti ilionekana kuwa njia ya katikati. Mafuta haya hupatikana mafuta ghafi yanapochemshwa, baada ya petroli na mafuta ya taa kutoka na kabla ya mafuta mazito. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hayakuwa na soko kubwa, kwa hiyo bei yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya petroli, na hatari yake ya kushika moto kwa ghafla ilikuwa ndogo pia. Zaidi ya hayo, yalikuwa yanajulikana. Kampuni za Winton na Electro-Motive, zote mbili zikiwa zimenunuliwa na General Motors mwaka 1930, zilikuwa na uzoefu wa miaka kadhaa wa mabehewa yenye injini za petroli na distileti yaliyohudumia njia ndogo ndogo sehemu nyingi za Marekani. Kwa M-10000, Winton ilitoa injini ya silinda 12 iliyopangwa kwa umbo la V, na General Electric ikatoa jenereta na mota za umeme zilizofungwa kwenye bogi ya mbele.

Tatizo la distileti liko katika namna inavyochomwa. Injini hiyo ilikuwa ya plagi na kabureta, yaani mafuta yalitakiwa kugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa kabla ya cheche. Petroli hugeuka mvuke kwa urahisi, distileti haipendi. Sehemu isiyogeuka mvuke huingia katika silinda ikiwa matone, na matone hayo huungua nusu nusu, yakaacha masizi juu ya plagi, au huteleza kwenye kuta za silinda mpaka yakafika kwenye oili na kuichuja nguvu. Pamoja na hilo, distileti hulipuka yenyewe mapema ikibanwa sana, kwa hiyo injini yake hulazimika kuwa na mbano mdogo, na injini yenye mbano mdogo hutoa kazi ndogo kwa kila lita ya mafuta. Mwenye reli aliyefurahia bei ya chini ya galoni alikuwa anairudisha faida hiyo kidogo kidogo kwa kuchoma galoni nyingi zaidi na kwa kubadilisha plagi na oili mara kwa mara.

Dizeli haina plagi wala kabureta. Hewa pekee ndiyo inayobanwa, tena kwa nguvu nyingi, mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yanayopulizwa ndani yake. Mbano huo mkubwa ndio unaoipa dizeli ubora wake wa kutumia mafuta kidogo. Mbano huohuo ndio uliokuwa kikwazo chake, kwa sababu injini inayostahimili shinikizo la namna hiyo ilitakiwa kuwa na mwili mnene. Dizeli za meli na za nyambizi zilikuwa na uzito wa makumi ya kilo kwa kila nguvu moja ya farasi, na ukiiweka injini ya jinsi hiyo katika treni ya alumini, umeua kusudi la alumini.

Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa General Motors, alikuwa akilishughulikia tatizo hilo pamoja na watu wa Winton. Jibu lao lilikuwa injini ya 201, ya mipigo miwili, yenye mwili wa chuma cha kuchomelea badala ya chuma cha kusubu, kipulizio cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kuondoa moshi, na kifaa cha kupuliza mafuta juu ya kila silinda. Uzito wake ulishuka hadi takriban kilo 10 kwa kila nguvu ya farasi. Injini mbili za aina hiyo ziliwekwa kuzalisha umeme wa banda la General Motors katika maonyesho ya Century of Progress mjini Chicago mwaka 1933. Ziliharibika mara kwa mara, na mafundi walikesha wakizirekebisha usiku ili asubuhi ziwake mbele ya wageni. Mtu wa Union Pacific aliyeziona katika hali hiyo alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba mtambo huu haujaiva.

Mtu wa Burlington aliziona injini hizohizo akasema vingine. Ralph Budd, rais wa kampuni hiyo, ambaye hakuwa na undugu na Edward Budd wa kiwanda cha Philadelphia, aliitaka dizeli hiyo kwa treni yake ijapokuwa watengenezaji wenyewe walisita kuiuza. Hapa ndipo njia zilipoachana. Union Pacific ilitaka kuwa ya kwanza, na kwa ratiba yake isingeweza kuisubiri dizeli. Burlington ilikubali kuchelewa kwa majuma machache ili ipate mafuta iliyoyataka.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1934

M-10000 ilizungushwa nchini kwa majuma 12, ikapita katika majimbo 22, na watu wanaokaribia milioni moja wakaingia ndani yake kuitazama. Rais Franklin Roosevelt aliikagua ilipofika Washington. Kwa hesabu ya kuirudishia reli macho ya umma, treni hii ilitimiza kazi yake kabla haijauza tiketi moja.

Kisha ikaja tarehe 26 Mei. Zephyr iliondoka Denver alfajiri na kuingia Chicago jioni, ikiwa imekwenda kilomita 1,633 bila kusimama kwa muda wa saa 13 na dakika 5, wastani wa karibu kilomita 125 kwa saa, safari ambayo treni za kawaida ziliimaliza kwa saa 25 hivi. Mafuta yote yaliyotumika yaligharimu chini ya dola 17. Takwimu hiyo ya mafuta ndiyo iliyowatikisa wenye reli kuliko ile ya mwendo, kwa sababu mwendo waliweza kuutafutia visingizio. Njia ilikuwa imesafishwa, makutano yote ya barabara na reli yaliwekewa walinzi, na kutoka Denver hadi Chicago ardhi inashuka kwa zaidi ya mita 1,400. Visingizio hivyo ni vya haki, na mchambuzi makini hana budi kuvitaja. Lakini hata ukiongeza mara mbili, gharama ya mafuta ilibaki ndogo mno kwa safari ya urefu ule.

Safari yenyewe ilikaribia kuharibika. Mlango uliofungwa kwa nguvu ulibana waya, ukaleta shoti, injini ikazimika, na treni ikaendelea kuserereka kwa nguvu ya mwendo wake huku kipima mwendo kikishuka. Waya wa kuwashia ulikuwa umekatika. Fundi mmoja alizishika ncha mbili za waya huo kwa mikono na kuzigusanisha ili injini iwake, akaungua, na injini ikawaka. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi dizeli ile ilivyokuwa bado changa siku iliposhinda. Eugene Kettering, mwana wa Charles, ambaye alifanya kazi kwenye injini hiyo, alikiri baadaye kwamba karibu kila kifaa chake kiliwasumbua. Tofauti yake na distileti haikuwa katika kuaminika siku ile. Ilikuwa katika kwamba matatizo ya dizeli yalikuwa ya vifaa, na vifaa hutengenezwa upya, ilhali tatizo la distileti lilikuwa la mafuta yenyewe.

Kilichofungwa kisichofunguka

Baada ya hapo Union Pacific haikung'ang'ania. Treni yake ya pili, M-10001, ya mabehewa 6 yakiwemo ya kulala, ilipewa dizeli ya Winton, na mwezi Oktoba 1934 ikavuka bara zima kutoka Los Angeles hadi New York kwa saa 56 na dakika 55. Ndani ya mwaka uleule kampuni ilikuwa imejisahihisha kwa treni mpya. Kwa M-10000 yenyewe haikufanya hivyo, na hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki.

Katika treni ya mvuke, mafuta yamo kichwani. Kichwa kikipitwa na wakati kinaondolewa, kinafungwa kingine, na mabehewa yanaendelea na kazi. M-10000 haikuwa na kichwa cha kuondoa. Injini yake, chumba cha dereva, posta na mizigo vilikuwa ndani ya behewa la kwanza, na behewa hilo liliegemea bogi moja na la pili. Chumba cha injini kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya injini ile, ndani ya mwili uliopunguzwa kimo na upana kwa ajili ya upepo. Uzito wa mbele ulikuwa umepangwa kwa ajili ya bogi ile. Kuibadili injini kungedai kuvunja sehemu ambayo ndiyo iliyokuwa imechongwa kwa uangalifu kuliko zote. Nafasi za abiria nazo hazikuweza kuongezeka. Abiria wakiwa 150, 34 walibaki stesheni, kwa kuwa injini isingemudu behewa jingine na mkia usingekubali kufungiwa behewa nyuma yake. Injini ikiwa karakana, viti vyote 116 vilikuwa karakana pamoja nayo.

Zephyr nayo ilikuwa na kifungo hichohicho cha bogi za pamoja, na hilo linathibitisha hoja badala ya kuipinga. Ilifungwa na mafuta yaliyofaa, kwa hiyo kifungo hakikuiua. Ilianza safari zake za kawaida tarehe 11 Novemba 1934 kati ya Kansas City, Omaha na Lincoln na ikafanya kazi hadi mwaka 1960. M-10000 ilianza tarehe 31 Januari 1935 kwa jina la City of Salina, ikihudumia njia fupi kati ya Kansas City na Salina kupitia Topeka, na ikadumu hadi mwezi Desemba 1941. Karibu miaka 7 ya kazi ya kila siku si aibu kwa chombo cha kwanza cha aina yake. Hata hivyo, njia iliyopewa inaeleza jinsi kampuni yenyewe ilivyoitathmini: treni iliyobuniwa kukimbia kilomita 170 kwa saa ilipelekwa mahali ambapo karakana haikuwa mbali.

Je, Union Pacific ingefanya nini tofauti? Wapo wanaosema ingesubiri dizeli. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu kusubiri injini iliyokuwa ikiharibika kila usiku katika maonyesho ya Chicago kulikuwa kucheza kamari, na Ralph Budd alishinda kamari hiyo kwa msaada wa mafundi wa General Motors waliosafiri na treni zake. Ninachoona kingewezekana, tena kwa ujuzi uliokuwapo mwaka 1933, ni kulitenga behewa la injini na yale ya abiria, kwa bogi zake lenyewe na kiungo cha kufungua, na kukubali tani kadhaa za ziada na upotevu mdogo wa ulaini. Treni ingekuwa nzito kidogo na ya polepole kidogo. Injini ya distileti ingetolewa na behewa lake mwaka 1935 au 1936, na mabehewa ya alumini yangepata dizeli.

Uingereza ilitoa jibu lake mwaka 1935, na jibu hilo lilitegemea pia mafuta. Nigel Gresley wa kampuni ya reli ya LNER alisafiri kwa Fliegender Hamburger na kuvutiwa, kisha akaonyesha kwamba kichwa cha mvuke chenye umbo laini kingeweza kukimbia kati ya London na Newcastle kwa saa 4, kikiwa na mabehewa mengi na yenye nafasi kuliko yale ya Wajerumani. Nchi yake ilikuwa na makaa ya mawe chini ya njia hiyohiyo ya reli, na mafuta ya dizeli yalitoka ng'ambo. Treni yake ya Silver Jubilee ilitumia hila zilezile za umbo alizotumia Union Pacific, ila umbo lake halikufungamana na injini, na vichwa vilibadilishwa bila mabehewa kuguswa.

Union Pacific ilifika huko kwa hatua. Treni zake kubwa za mwaka 1936, za kwenda San Francisco na Denver, ziliwekewa injini katika vyumba vya mbele vilivyotengwa na abiria. Mwaka 1937 zikaja dizeli za aina ya E2 kutoka Electro-Motive, vichwa kamili vyenye pua iliyochongwa, vinavyofungwa na kufunguliwa kutoka katika mabehewa kama vichwa vya mvuke vilivyofanywa kwa karne nzima. Mwaka uliofuata injini ya Winton 201 yenyewe ilipata mrithi, aina ya 567, na vichwa vilivyofuata vikaipokea bila treni yoyote ya abiria kulazimika kuvunjwa.